Kosa Moja kwenye Ubao wa Saba

Mimi ni mtu wa usafi. Sisemi hivyo kwa kujisifu, ndiyo kazi iliyonilisha mpaka leo. Nimefagia ofisi za wilaya miaka kumi na tisa, na walionijua pale watakuambia kwamba nilikuwa nafuta hata meza ambayo mwenyewe bado anaiandikia. Sasa nafanya usafi kwenye hifadhi ya taifa, hii ya uwanja wa vita, na kila asubuhi kabla geti halijafunguliwa napita na ndoo na kitambaa nikifuta vumbi kwenye mbao za maelezo. Ziko kumi na moja. Ubao wa saba una kosa, na kosa lenyewe nalijua kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu ni langu.

Ubao huo unamhusu baba yangu. Unasema alikuwa dereva wa trekta, kwamba alilima kitalu cha sita kwa miaka thelathini na moja, na kwamba bila yeye kitalu hicho leo kingekuwa shimo la kokoto. Yote hayo ni kweli tupu. Kisha chini kabisa kuna mstari mfupi ambao si kweli. Nitaufikia, msinikimbize. Kwanza mjue Baba ni mtu gani, maana ubao una nafasi ya kusema mtu alifanya nini tu.

Baba ni mfupi, ana masikio makubwa na maneno machache, na machache hayo nusu yake ni utani. Chai yake ni vijiko vinne vya sukari, kisha anachota cha tano na kusema hiki ni cha kuwasindikiza wenzake. Mama aligombana naye juu ya sukari mpaka akachoka, akaona bora aifiche, naye akaona bora aitafute, na ndoa yao imeenda hivyo hivyo kwa amani. Tuliishi kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la alizeti, vyumba viwili, viatu vyake vya kazi vinalala nje kwa sababu ya harufu ya dizeli. Akirudi jioni ananawa mikono mara tatu na bado sahani yake inanuka trekta. Mama alikuwa anasema ana mke mwenza mwenye magurudumu manne, na kwamba yule mwenzake hupakwa mafuta kila siku wakati yeye hajapakwa tangu harusi.

Pale shambani walimwita Nyanyua. Jina hilo lilikuwa la kumcheka. Trekta inavuta plau nyuma yake, na dereva ana leva moja pembeni ya kiti: akiivuta, plau inanyanyuka kutoka ardhini, akiisukuma, inashuka tena. Kazi ya dereva ni kuishusha mwanzo wa mstari na kuinyanyua mwisho wake. Baba alikuwa anainyanyua katikati. Analima vizuri, mstari umenyooka, mara plau hiyo juu, trekta inatembea hatua kumi bila kulima chochote, kisha plau inashuka na kazi inaendelea. Alifanya hivyo mahali pengi, na ilikuwa kwenye kitalu cha sita tu. Matokeo yake ni kwamba alizeti ikivunwa, kitalu chote kinabaki na visiwa vya majani, kimoja hapa, viwili kule, kila kimoja ukubwa wa chumba kidogo.

Msimamizi wa shamba alimwandikia barua za onyo nne. Wenzake walisema Nyanyua anasinzia kwenye usukani. Mimi shuleni niliambiwa kitalu cha baba yako kimenyolewa na kipofu, na nilipigana kwa ajili ya neno hilo, nikarudi nyumbani gauni limechanika. Siku hiyo nilimuuliza kwa nini anaacha uchafu shambani. Akanitazama, akasema mashine ina kwikwi. Nikacheka, ila aibu haikuniisha. Nadhani ndiyo iliyonifanya niwe mtu wa usafi, na ndiyo iliyokuja kuniponza.

Sasa, mambo ya vita. Kila mtu hapa anajua kwamba zamani, kabla Baba hajazaliwa, majeshi mawili yalipigana kilimani. Kule juu kuna mnara na majina ya wanajeshi yamechongwa kwenye jiwe. Serikali iliposema kilima kiwe hifadhi ya taifa, kisijengwe wala kisichimbwe, sote tulifurahi, maana hifadhi huja na barabara na ajira. Iliundwa kamati, ikaitisha mkutano wa hadhara, ikasoma mipaka. Mpaka ulishuka kilimani na kuishia kwenye mfereji. Kitalu cha sita kiko ng'ambo ya mfereji, kwa hiyo kikabaki nje, na tayari shamba lilikuwa limekubaliana na watu wa kokoto wakichukue.

Mimi sikuwepo mkutanoni, nilikuwa kazini. Niliambiwa tu kwamba Baba alinyoosha mkono. Wakati huo alikuwa amestaafu miezi miwili, kwa ajili ya macho. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika pande zote mbili, watu anawajua kwa sauti. Alisimama, akasema, "Kitalu cha sita nacho kina wenyewe. Njooni niwaonyeshe." Wakamuuliza wenyewe ni nani. Akasema wakija wataona. Mkuu wa kamati, mama mmoja mpima ardhi mwenye kofia ya majani na sauti ya mwalimu, akafungua daftari lake na kusema watakuja Alhamisi, kwa sababu Jumatatu inayofuata ripoti yake inapelekwa na baada ya hapo mpaka haubadiliki.

Nyumbani Baba alituambia jambo moja tu: "Alhamisi kuna wageni shambani." Jumatatu akaondoka na Mama kwenda hospitali kufanyiwa jicho la kulia.

Nami nilikuwa likizo. Jamani, mtu wa usafi akiwa likizo ni hatari. Niliwaza wakubwa wa serikali wanakuja kuangalia kitalu ambacho baba yangu amekilima maisha yake yote, na watakachokiona ni vile visiwa vya majani, na watasema maneno yale yale ya shuleni. Nikasema haiwezekani, safari hii Baba hatachekwa. Nikawakusanya wenzangu watatu wa ofisini, kila mmoja na fyekeo lake, na Jumanne tukaingia. Tulifyeka kisiwa baada ya kisiwa. Jumatano asubuhi nikamwomba dereva mpya, kijana wa watu mwenye heshima zake ambaye alikuwa hajamaliza hata msimu mmoja pale, apitishe haro, lile chuma la meno linalovutwa na trekta, kitalu kizima ili udongo ulingane. Akapitisha. Kufika saa sita, kitalu cha sita kilikuwa kama sakafu ya ofisi ya mkuu wa wilaya. Nilisimama pembeni na fyekeo langu, nikajipongeza mwenyewe.

Baba alirudi alasiri ile. Jicho la kulia limefunikwa kwa pamba na plasta, la kushoto bado lina ukungu wake. Daktari alikuwa amemkataza kuinama, kubeba kitu na kutikisika kwa wiki sita. Nilimkalisha, nikamletea chai, na kabla hajashika kikombe nikaanza kumpa habari zangu nzuri.

"Baba, shamba ni safi. Wageni wako wataona haya wenyewe kulikanyaga."

"Shamba lipi?"

"Kitalu cha sita. Yale majani yote tumeyaondoa."

Akageuza sikio upande wangu. Kisha akauliza taratibu, "Yote?"

"Yote. Na haro imepita."

Akachukua kikombe, akanywa. Mama alikuwa anamwangalia, akaniangalia mimi, akaangalia kopo la sukari ambalo halijafunguliwa. Baba alikunywa kikombe kizima cha chai chungu. Hapo ndipo nilipojua kuna kitu kibaya nimefanya, ingawa sikujua ni nini.

"Kaa chini," akasema. "Sikukwambia, kwa hiyo kosa lina wenyewe wawili."

Akanieleza. Dereva wa kwanza wa shamba lile, zamani sana, alipokuwa anafungua kitalu cha sita, plau ilitoa mfupa wa mtu na kikombe cha bati. Akamwambia mwenye shamba wa wakati huo, akajibiwa alime. Hakulima. Aliurudisha mfupa, akafukia, na kila alipofika pale alinyanyua plau. Mwaka uliofuata akapata mahali pengine, na pengine. Waliolala pale walikuwa wapagazi. Jeshi lilikuja na wanajeshi, na nyuma ya wanajeshi walikuja watu wa kubeba mizigo, wengi kuliko hao wenye bunduki, na vita vilipoteremka kutoka kilimani viliwakuta pale chini wamekaa na mizigo yao. Waliuawa na kufukiwa walipoangukia. Mnara wa kilimani hauna jina hata moja la kwao. Yule dereva alimfundisha wa pili, wa pili akamfundisha Baba, na mafundisho yalikuwa neno moja, mtu akiwa amekaa kwenye kiti cha trekta: hapa nyanyua. Baba mwenyewe aliongeza sehemu tano. Jumla zilikuwa ishirini na tatu.

"Na dereva mpya?"

"Huyu ningemfundisha tukianza kulima. Haifundishwi kwa mdomo."

"Kwa nini hukusema mkutanoni?"

"Nimwage mtama kwenye kuku wengi? Kesho yake si wangekuja na majembe kutafuta risasi na vifungo vya kuuza?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na siku hiyo hata ardhi nilikuwa nimeishughulikia, isingekubali. Visiwa vile ndivyo vilikuwa ushahidi wote. Hakukuwa na ramani, hakukuwa na picha, hakukuwa na karatasi. Madereva watatu walikuwa wameandika kwa majani, miaka sitini na zaidi, na mimi na kiherehere changu tumefuta kwa siku mbili. Nililia kama mtoto. Mama akasema machozi hayaoteshi majani, ninyamaze, mgonjwa apumzike. Baba akasema nimletee sukari.

Alhamisi walikuja watu wanne wa kamati, wakiongozwa na yule mama mpima, pamoja na msimamizi wa shamba. Walisimama ukingoni wakatazama. Uwanja mtupu, rangi ya udongo kutoka mfereji mpaka kwenye tangi la maji.

"Mzee, tuonyeshe," mama mpima akasema.

Baba akamweleza kama alivyonieleza mimi, kwa kifupi zaidi. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, akatazama tena shamba. "Hayo majani yako wapi?"

"Yamefyekwa."

"Na nani?"

Nikafungua mdomo. Baba alikuwa amenishika bega kwa sababu ya kutoona, na nilihisi vidole vyake vinanibana mpaka mfupani. "Mimi niliagiza," akasema. "Nilisikia wageni wanakuja, nikaona aibu ya majani. Uzee, mama. Akili nayo inapata mtoto wa jicho."

Dereva mpya alikuwa amesimama karibu, akaanza kuchunguza viatu vyake. Mama mpima akaandika kwenye daftari. Msimamizi akasema kwa upole tu, wala hakuwa mtu mbaya, kwamba mzee ametumikia shamba vizuri lakini sasa amechoka, na kwamba sehemu ishirini na tatu kwenye eneo kubwa namna ile, bila alama, ni sawa na kutafuta sindano iliyodondoka sokoni. Mama mpima akafunga daftari. Hakufurahi, niliona, lakini alifunga.

"Nipeni trekta ya zamani," Baba akasema.

Trekta ya zamani ilikuwa nyuma ya ghala, kuku wanataga kwenye kiti. Dereva mpya aliipigania karibu saa nzima mpaka ikakohoa na kuwaka. Mama alisimama mbele ya gurudumu, akasema daktari kakataza mtikisiko, huyu mtu anataka kupofuka kwa ajili ya mifupa ya watu asiowajua.

"Nawajua," Baba akasema. "Nimekaa nao kuliko nilivyokaa na wewe."

"Na jicho je?"

"Mke wangu, jicho nimefanyiwa ili nione. Sasa nikishaona nikumbuke leo niliwaacha?"

Mama akasogea. Alisogea huku akisonya, lakini alisogea.

Nilipanda nikakaa kwenye madigadi, lile bati la juu ya gurudumu, pembeni yake. Kazi yangu ilikuwa kumwambia kama pua ya trekta imeelekea mnara wa kilimani wakati wa kwenda na tangi la maji wakati wa kurudi, maana ndivyo alivyonyoosha mistari yake miaka yote. Alitaka leva ya mafuta ifungwe kwa waya mahali pamoja kama zamani, gia ya pili, mwendo usiobadilika. Plau ilifungwa nyuma kama siku zote, ila leva ya kuishusha aliniambia tusiiguse, leo hatulimi. Mkononi mwangu nilikuwa na ndoo yangu na vitambaa vya kufutia, vyeupe, vimefungiwa kokoto. Mkono wa Baba ukienda kwenye leva, naangusha kitambaa. Mama mpima na watu wake watafuata nyuma wakipiga vigingi.

Tukaanza pembe ya kusini, pale alipoanzia siku zote. Mistari mitatu ya kwanza mikono yake ilikaa kwenye usukani. Mstari wa nne, tulipofika kama katikati, mkono wa kulia ulitoka wenyewe, ukaenda kwenye leva, ukavuta hewa bila kuigusa. Niliangusha kitambaa. Tukaenda kidogo, mkono ukasukuma hewa. Akaendelea kuendesha.

"Unahesabu hatua?" nikamuuliza kwa kupaza sauti.

"Sihesabu. Hapa ardhi inashuka kidogo, mgongo unajua."

Mimi sikuhisi ardhi ikishuka hata kidogo. Tulikwenda hivyo asubuhi yote. Kila mtikisiko nilikuwa naangalia ile plasta jichoni mwake, naona chozi linatoka chini yake na kushuka shavuni, naye halifuti, mikono ina kazi. Nilimwambia mara mbili tusimame. Mara ya kwanza hakujibu. Mara ya pili alisema, "Mnara uko wapi?" Nikamwambia uko sawa, mbele yetu. Akasema basi.

Vitambaa ishirini na tatu. Sikumwambia nimehesabu. Mkono ulipokwenda kwenye leva mara ya mwisho na kurudi, alizima injini mwenyewe.

Kamati ilikuwa na mtaalamu wa mambo ya kale, mtu mwembamba mwenye miwani, na ndiye aliyechimba. Alianzia kigingi cha kwanza, kwa mwiko mdogo na brashi, taratibu mpaka unataka kumnyang'anya. Akashuka mpaka magotini. Hakuna kitu. Akaenda cha pili. Udongo tu. Msimamizi alikohoa akaangalia saa. Mama mpima alivua kofia yake akaivaa tena. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha trekta na Baba, nimemwekea kitambaa chenye maji kwenye paji la uso.

"Wamepata?" akauliza.

"Bado, Baba. Wamechimba viwili."

"Wamechimba wapi?"

"Kwenye vitambaa."

Alinyanyua kichwa. Kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona amekasirika. "Kwenye vitambaa? Nani kawaambia wachimbe kwenye vitambaa? Hapo ndipo ninapovuta leva. Plau hainyanyuki kama kofia, inataka hatua nne, tano. Wenyewe wako mbele. Wako kati ya kunyanyua na kushusha."

Nilikimbia. Mtu mzima mwenye mwili wangu, nilikimbia kwenye udongo ule nilioulainisha mwenyewe, nikamwambia mtaalamu asogee mbele, kule trekta ilikokuwa inaelekea. Nami nilikuwa nimekaa pale juu, nimeona kila mara mkono uliposukuma, na kwa bahati yangu mimi huwa sisahau sehemu niliyopita. Nikamwonyesha mkono ulivuta hapa, ukasukuma pale. Akachimba katikati.

Haro ilikuwa imekwaruza juu tu, kina cha kiganja. Chini yake udongo ulikuwa haujaguswa na chuma tangu yule dereva wa kwanza. Kwanza ilitoka pete ya chuma ya kufungia mzigo. Kisha kikombe cha bati, kimetobolewa ukingoni na kupitishwa waya ili kining'inie kiunoni. Kisha mtaalamu akaacha mwiko, akatumia vidole, na sote tukasogea. Walikuwa wawili, wamelala ubavu kwa ubavu. Mama mpima alipiga magoti kwenye udongo na suruali yake safi, akakaa hivyo muda. Msimamizi alivua kofia.

Wakachimba sehemu nyingine mbili ili kuhakikisha, kwa utaratibu ule ule, na zote zilikuwa na wenyewe. Mama mpima akasema inatosha, tusiwasumbue zaidi, wafunikeni. Nilifunika mimi. Aliniambia niwaachie vijana wake, nikamwambia hapana, hii ni kazi yangu.

Jumatatu ripoti ilipelekwa na mpaka umevuka mfereji. Kitalu cha sita chote kimo ndani ya hifadhi, mpaka kwenye tangi la maji. Watu wa kokoto walipewa sehemu nyingine huko mbali. Kwenye visiwa ishirini na tatu majani yaliachwa yaote tena, na yameota, marefu, yanapitwa na njia ya wageni iliyozungushiwa kamba. Hifadhi ilipotafuta msafishaji niliomba kazi, na sharti la kwanza walilonisomea ni kutofyeka visiwa. Nilisaini haraka kuliko nilivyosaini cheti cha ndoa.

Jicho la kulia la Baba halikurudi sawasawa. Daktari alisema huenda ni ule mtikisiko, huenda ni jicho lenyewe tu, hakuna anayejua. La kushoto lilifanyiwa mwaka uliofuata, likatoka zuri. Baba anasema moja linatosha kuona kopo la sukari. Mimi najua nilimgharimu nini, na kila nikijaribu kumwambia ananiuliza habari za watoto.

Walipoweka mbao nilifika kwenye wa saba na ndoo yangu nikausoma. Mstari wa chini ulitoka kwenye daftari la mama mpima: *Dereva mwenyewe, kwa kutaka kuwapokea wageni vizuri, alifyeka alama zote siku chache kabla ya kamati kufika.* Nilikwenda ofisini kwake siku ile ile na mikono yangu yenye sabuni, nikamwambia ukweli wote. Aliniambia alishauhisi siku ya kwanza, mzee asiyeona hawezi kukagua majani. Alikuwa tayari kuubadilisha. Alimtumia Baba ujumbe kuomba idhini yake, na Baba akajibu kwamba ubao uko sawa kabisa.

Nilimkasirikia. Nilikwenda nyumbani nikamkuta kibarazani na redio yake iliyofungwa kwa mpira, nikamwambia siwezi kuangalia uongo kila asubuhi.

"Ule ubao utakaa miaka mingapi?" akaniuliza.

"Wanasema hamsini."

"Mimi pale nina mistari mingi mizuri. Huo mmoja haunilemei. Wewe ungekuwa na huo peke yake."

Nilimwongezea kijiko cha sukari bila kuombwa, na Mama alijifanya haoni.

Mwezi uliopita alikuja hifadhini, mara yake ya kwanza tangu mbao ziwekwe. Alitembea polepole kati ya visiwa akitazama kwa lile jicho moja, akisimama kwenye kila kimoja. Tulipofika ubao wa saba alisema herufi ni ndogo, nimsomee. Nikasoma kuanzia juu, trekta, miaka thelathini na moja, kokoto. Nilipofika chini sikuweza. Nikasoma, "Binti yake, kwa kutaka kuwapokea wageni vizuri, alifyeka alama zote."

"Soma kilichoandikwa," akasema.

Nikasoma kilichoandikwa. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akanishika bega kama siku ile, safari hii bila kubana, akasema twende, chai inapoa.

Kwa hiyo ubao utabaki hivyo, ndivyo anavyotaka, nami nitaufuta vumbi kila asubuhi kama ulivyo. Ila hajanikataza kuandika mahali pengine. Niliyefyeka ni mimi. Aliyelichukua kosa, akalilipia kwa jicho lake, ni baba yangu, na bado yupo, na namshukuru.